Nimemsamehe, Ila Kiwanja Akirudishe



Kijana mwenzangu, kuna maneno ambayo ukikaa Kanisani muda wa kutosha lazima utaambiwa, na mara nyingi utaambiwa siku ambayo umeumizwa: "Wewe samehe tu, mwachie Mungu." Yanasemwa jumuiyani, yanasemwa kwenye vikao vya ukoo, yanaandikwa hadi kwenye magrupu ya WhatsApp ya kwaya. Maneno yenyewe hayana kosa. Msamaha ni amri ya Bwana, na kumwachia Mungu kisasi ni fundisho la Mtume Paulo (Warumi 12:19). Shida ni yanavyotumika. Mara nyingi anayeyasema anamaanisha kitu kingine kabisa: nyamaza, usituvurugie amani, usiitie familia aibu.

Swali la leo ni hili: mtu akisamehe, ameiacha haki yake? Na akiidai haki yake, basi hajasamehe?

Mimi nasema hapana kwa yote mawili. Sisemi kwa ubishi. Nasema kwa sababu ndivyo Kanisa linavyofundisha, na kwa sababu jambo hili lipo nyumbani kwetu.

Baba yetu alifariki tukiwa bado shule. Aliacha nyumba na kiwanja kimoja pembeni ya mji, ambacho yeye na mama walikilipia kidogo kidogo kwa miaka. Baada ya arobaini, baba mdogo, ambaye ndiye aliyetunza makaratasi wakati wa msiba, akauza nusu ya kile kiwanja bila mama kujua. Tulikuja kugundua siku fundi alipoanza kumwaga mawe ya msingi. Kikao cha ukoo kikaitishwa. Wazee wakasema sana kuhusu umoja, wakasema damu ni nzito kuliko maji, na mwisho mmoja akamgeukia mama: "Shemeji, wewe ni mtu wa kanisa. Samehe, yaishe."

Mama akajibu kwa upole: "Nimemsamehe. Ila kiwanja akirudishe."

Watu waliguna. Wengine hadi leo wanasema mama ana roho ngumu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pembeni, na nadhani ile ilikuwa katekesi fupi kuliko zote nilizowahi kusikia.

Twende sasa kwenye Maandiko. Sote tunaujua mfano wa mtumishi asiyesamehe, Mathayo 18:21-35. Petro anauliza asamehe mara ngapi, Yesu anampa mfano wa mfalme na watumishi wake. Wa kwanza anadaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (angalia Mathayo 20:2). Piga hesabu: talanta 10,000 ni dinari milioni 60, yaani siku milioni 60 za kazi. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, anahitaji miaka 200,000 kulimaliza deni hilo. Ndiyo maana tunacheka kidogo tunaposikia jamaa akimwambia mfalme amvumilie, atalipa yote. Utalipa na nini, ndugu?

Hapo ndipo mahubiri mengi huishia, pamoja na fundisho kwamba deni la mwenzako kwako ni dogo, ni takataka. Lakini hebu tulipige hesabu na deni la pili. Dinari 100 ni ujira wa siku 100. Chukulia kibarua wa kwetu anayepata shilingi 10,000 kwa siku: dinari 100 ni milioni moja. Hiyo si hela ya kuchezea. Ni ada ya mtoto, ni mabati ya nyumba, ni mtaji wa genge. Yesu hakusema mtumishi wa pili alidaiwa senti moja. Alitaja deni la kweli, deni linalouma. Mfano haumwambii aliyeumizwa kwamba hakuumizwa. Unamwambia kwamba yeye pia ameishi kwa msamaha ambao asingeweza kuulipia kamwe, na kwamba mtu wa namna hiyo hana sababu ya kumkaba mwenzake koo. Tazama vizuri kosa la mtumishi yule: alimkamata mwenzake, akamkaba, akakataa kumsikiliza alipoomba muda, akamtupa gerezani. Moyo wake haukuguswa hata kidogo na kile alichofanyiwa dakika chache kabla.

Kingine ambacho watu hukiruka: mistari michache tu kabla ya swali la Petro, katika sura hiyo hiyo ya 18, mstari wa 15 hadi 17, Yesu anaeleza la kufanya ndugu akikukosea. Nenda kamwambie mkiwa wawili. Asiposikia, chukua mmoja au wawili wawe mashahidi. Asiposikia hao, liambie kanisa. Hii ni njia kamili ya kudai haki: kuna kuonya, kuna ushahidi, kuna kulifikisha mbele ya wenye mamlaka. Mara baada ya maneno hayo ndipo Petro anauliza kuhusu kusamehe. Mathayo ameyaweka hayo mawili jirani. Sisi ndio tumeyatenganisha.

Tuje kwenye haki ya Mungu, maana hapa vijana wengi tunachanganya. Ukisikia "haki ya Mungu", picha inayokuja ni ya askari wa barabarani aliyejificha nyuma ya mti na tochi yake akisubiri ukosee. Halafu ukisikia "huruma ya Mungu", inakuja picha ya babu asiyeona vizuri, ambaye kila kitu kwake ni sawa tu. Picha zote mbili ni za uongo. Mungu ni mwenye haki maana yake ni kwamba kwake yeye uovu hauitwi wema hata siku moja. Hahongeki. Hasahau kilio cha mjane kwa sababu mjane hana mtu wa kumtetea. Na Mungu ni mwenye huruma maana yake ni kwamba hata baada ya kuuita uovu kwa jina lake, bado anamtafuta aliyeutenda ili amponye.

Unataka kuona haki na huruma zikikaa chumba kimoja? Nenda kitubioni. Unaungama, padre anakuondolea dhambi zako kwa uwezo wa Kristo, kweli zimeondolewa. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1459 inatukumbusha kwamba maondoleo yanafuta dhambi, hayatengenezi yale yote yaliyoharibiwa na dhambi. Aliyeiba anapaswa kurudisha. Aliyemchafulia mwenzake jina anapaswa kulisafisha. Ndiyo maana kuna malipizi. Muungamaji akisema "Padre, niliiba pikipiki", hawezi kutoka pale amesamehewa akapanda pikipiki ile ile kwenda nayo nyumbani akiimba aleluya! Zakayo alilielewa hili bila kufundishwa. Yesu alipoingia tu nyumbani kwake, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19:8), na Yesu hakumwambia, "Aa, Zakayo, wewe achana na hayo, umeshasamehewa."

Sasa fikiria. Kama Mungu mwenyewe, ambaye msamaha ni wake, anasamehe na bado anataka kilichoibiwa kirudi kwa mwenyewe, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mjane asamehe kwa maana ya kuacha kiwanja chake?

Niongeze jambo moja ili nisieleweke vibaya. Kiswahili chetu kinatumia neno lile lile kwa mambo mawili: tunasamehe kosa, na tunasamehe deni. Mwenye mali anaweza kabisa kuamua kulisamehe deni lenyewe pia, akasema "chukua, sikudai". Hilo ni tendo kubwa la upendo, na watakatifu wamelifanya. Ila ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye mali. Hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kuitoa kwa niaba yake. Kumlazimisha mtu kutoa zawadi kuna jina lingine, na si jina zuri.

Nataka nikupeleke Kongo, kwa kijana mmoja ambaye naona tunamsahau sana, Mwenyeheri Isidori Bakanja. Alizaliwa miaka ya 1880 huko kaskazini-magharibi mwa Kongo, katika watu wa jamii ya Wamongo, wakati nchi nzima ikiwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ni enzi zile za mpira na viboko. Bakanja alikwenda kutafuta kazi Coquilhatville, mji tunaouita leo Mbandaka, akawa msaidizi wa waashi. Huko akakutana na wamisionari Watrapisti, akajifunza dini, na tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa. Alivikwa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, na kwake ile ilikuwa ndiyo sare yake ya Ukristo. Alikuwa mlei tu, si mtawa wala katekista wa kuajiriwa. Ila popote alipokuwa alisali rozari na kuwafundisha wenzake kusali.

Baadaye akapata kazi ya nyumbani kwa Mbelgiji mmoja, akafika naye kwenye shamba la kampuni huko Ikili. Msimamizi wa pale aliitwa Van Cauter, na mtu huyu hakutaka kabisa kusikia habari za wamisionari. Mapadre walikuwa wanaona namna wafanyakazi walivyotendewa, na Mwafrika aliyejua kwamba yeye ni mwana wa Mungu alikuwa mgumu kumgeuza mnyama wa mizigo. Bakanja akaamriwa aache kufundisha sala na aivue skapulari. Hakuivua. Mwanzoni mwa mwaka 1909 Van Cauter aliing'oa shingoni mwake, akaamuru alazwe chini na kupigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliokuwa na misumari. Inatajwa kwamba alipigwa viboko zaidi ya 200. Kisha akafungwa kwa minyororo, mgongo ukiwa wazi.

Sasa sikia sehemu ambayo haisimuliwi sana. Ilipojulikana kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja, Van Cauter alitaka Bakanja aondolewe pale asionekane. Bakanja, akiwa na vidonda vinavyooza, akajificha msituni. Mkaguzi alipofika, yule kijana akajikokota akatoka, akajitokeza mbele yake. Mkaguzi akaona mgongo ule, akamchukua ili atibiwe. Na Bakanja alipoulizwa ni nani aliyemfanyia hivi na kwa nini, alisema. Alimtaja mtu kwa jina, akaeleza sababu: kwamba mzungu yule hakuwapenda Wakristo, hakutaka avae skapulari, hakutaka asali.

Aliumwa miezi kama sita. Mwishoni mwa Julai mapadre wakamfikia, akaungama, akapokea Ekaristi na mpako wa wagonjwa. Wakamhimiza amsamehe Van Cauter na kumwombea. Akawajibu kwamba hana kinyongo naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Tarehe 15 Agosti 1909, Jumapili ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alifariki akiwa na rozari mkononi na skapulari shingoni. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Umri wako, pengine.

Bakanja hakusamehe kwa kuficha mgongo wake. Alitoka msituni ili uonekane. Alisema ukweli mbele ya mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo, na kinywa hicho hicho kikaahidi kumwombea aliyemuua. Angekaa kimya msituni, Van Cauter angeendelea na mwingine kesho yake. Ukweli wake ulikuwa pia ni upendo kwa wale waliobaki shambani. Na wala hakumnyima Van Cauter kitu chochote cha haki, kwa sababu mtu ambaye dhambi yake imefichwa anapoteza hata nafasi ya kuitubu.

Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994, Roma, wakati Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ikiendelea. Angalia tarehe hiyo. Ni mwezi ule ule ambao Rwanda ilikuwa inateketea, Wakristo wakiuawa na Wakristo, wengine ndani ya makanisa. Kila nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo. Bara zima lilikuwa linaonyeshwa kijana aliyesamehe bila kusema uongo, na sijui ni wangapi siku ile walikuwa na nafasi ya kusikiliza.

Sasa, sala. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu kuelewa ni rahisi, ila ukikutana na baba mdogo sokoni moyo unadunda kama ngoma.

Wengi tunadhani ukiwa na hasira huwezi kusali mpaka kwanza utulie, uwe na maneno mazuri. Zaburi zinakataa. Kuna zaburi ambazo mtu anamwomba Mungu awavunje adui zake meno. Soma Zaburi 58, soma 109, utashtuka. Kanisa katika Sala ya Vipindi ya sasa limeziacha nje zaburi tatu za namna hiyo, yaani 58, 83 na 109, kwa kuwa ni ngumu kusaliwa hadharani bila maelezo. Lakini hazikutolewa kwenye Biblia. Zimo, ni Neno la Mungu, na zina kazi yake. Zinamfundisha aliyedhulumiwa kwamba hasira yake aipeleke kwa Mungu kabla haijafika kwenye panga. Mtunga zaburi anasema mabaya kweli kweli, ila anamwambia Mungu. Hajachukua silaha. Ameacha hukumu mikononi mwa yule anayejua yote. Hiyo ndiyo maana halisi ya "mwachie Mungu", na unaona kabisa si sawa na kunyamaza.

Halafu kuna mjane wa Luka 18:1-8. Kila siku anakwenda kwa hakimu asiyemcha Mungu, anadai apewe haki yake dhidi ya mshitaki wake. Anamchosha hakimu mpaka anasalimu amri. Yesu amemtumia mwanamke huyu, mwenye kesi mahakamani, kuwa mwalimu wetu wa sala! Kumwomba Mungu haki ni sala halali. Usimwache mtu akuambie kwamba sala ya Mkristo ni kuomba uvumilivu tu.

Ila kuna mpaka, na tusijidanganye. Katekisimu namba 2302 inatofautisha kutaka kisasi na kutaka haki. Kutaka kisasi ili kumtendea ubaya mtu anayestahili kuadhibiwa si halali, lakini kudai fidia ili kosa lirekebike na haki ilindwe ni jambo la kusifiwa, na hapo Katekisimu inamtumia Mtakatifu Thoma wa Akwino. Utajuaje upo upande gani? Mimi najipima hivi: baba mdogo akija kesho na fedha zote mkononi, akaomba radhi, nitafurahi au nitaona nimeibiwa raha yangu ya kumchukia? Nikiona nitakosa raha, basi nilichokuwa nataka si kiwanja.

Namba 2843 ya Katekisimu ndiyo ninayoipenda kuliko zote juu ya jambo hili. Inakubali wazi kwamba haimo katika uwezo wetu kutosikia kosa wala kulisahau. Soma tena hapo, wewe unayejilaumu kwamba hujasamehe kwa sababu bado unakumbuka. Kukumbuka si dhambi. Kinachotendeka, inasema, ni kwamba moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu unageuza jeraha kuwa huruma, na maumivu yenyewe yanakuwa sala ya kumwombea aliyeumiza. Jeraha halifutwi, linageuzwa. Mwili wa Yesu mfufuka ulikuwa bado na alama za misumari.

Nyumbani, mama alianza hivi. Katika rozari yetu ya jioni, fumbo la tatu lilikuwa la marehemu baba. Siku moja akaongeza jina la baba mdogo kwenye fumbo la nne, bila kutueleza kitu. Mdogo wangu wa kike alikataa kuitikia. Mama hakumlazimisha, aliendelea peke yake mpaka kumi zikaisha. Ikapita kama miezi miwili ndipo mdogo wangu akaanza kuitikia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu. Na wakati huo huo mama alikuwa ameshapeleka malalamiko baraza la kata wakasuluhishwe. Usuluhishi uliposhindikana, akaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bahasha ya makaratasi ya kesi na rozari vilikaa kwenye mkoba mmoja. Mama mmoja wa jumuiya alimwuliza kwa mshangao, "Yaani unamwombea na huku unamshitaki?" Akamjibu, "Ndiyo. Namwombea arudishe."

Kuna vijana wanaosoma hapa ambao jambo lao si kiwanja. Ni kipigo, ni ndugu aliyewaingilia wakiwa watoto, ni mtu mwenye heshima zake ambaye hakuna atakayeamini. Kwenu nasema kwa ufupi na kwa uwazi: msamaha haukudai urudi kwenye nyumba unayopigwa, wala haukudai ufunge mdomo. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Kama mtu, hata awe kiongozi wa dini, atakuambia kwamba kusema ni kukosa msamaha, amekosea. Na safari ya moyo kusamehe haina saa ya mezani. Hakuna anayeruhusiwa kukuharakisha.

Nimalizie na maswali mawili ambayo huwa yanakuja kila tukikaa na vijana kuzungumzia mada hii.

La kwanza: naweza kupokea Komunyo nikiwa na kesi na ndugu yangu? Kuwa na kesi peke yake hakukuzuii. Mathayo 5:23-24 inatuambia tukikumbuka ndugu ana neno juu yetu tukapatane naye kwanza, kwa hiyo fanya sehemu yako: kama kuna ubaya ulioutenda wewe katika mgogoro huo, matusi, uongo, kumchafua mitandaoni, nenda ukautengeneze na uungame. Kinachozuia ni chuki unayoikumbatia kwa hiari, ile ya kumtakia mtu maangamizi. Ukiwa na shaka, usijihukumu mwenyewe wala usiulize kwenye grupu, mwone padre kabla ya Misa.

La pili ni gumu zaidi: nimsameheje mtu ambaye hajaomba msamaha, na hata anajigamba? Kupatana kunahitaji watu wawili, hilo ni kweli, na kama yeye hataki hamtapatana leo. Lakini kusamehe moyoni kunaweza kuanza na mmoja. Yesu alimwomba Baba awasamehe waliomsulubisha wakati wao wako bize wanagawana nguo zake (Luka 23:34). Stefano naye, mawe yakimwangukia, aliomba dhambi ile wasihesabiwe (Matendo 7:60). Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa ameomba radhi. Pembeni alisimama kijana mmoja, nguo za wale warusha mawe zimewekwa miguuni pake, na Maandiko yanasema alikubaliana kabisa na mauaji yale. Mtakatifu Augustino alipenda kuwakumbusha waumini wake kwamba Kanisa limempata Paulo kwa sababu ya sala ile ya Stefano. Stefano hakuyaona matunda yake. Alikufa akiwa amemwona Sauli kama alivyokuwa siku ile, kijana anayelinda nguo.